Futari kwenye Jamvi la Kalasinga: Tathmini ya Langari ya Amritsar

Katika miaka miwili na nusu niliyosoma Jalandhar, jimbo la Punjab nchini India, nimekula mara tisa katika langari ya Harmandir Sahib, ile nyumba ya ibada ya Amritsar ambayo wengi huijua kwa jina la Hekalu la Dhahabu. Mara nane nilikwenda kwa hiari yangu. Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeachwa na treni, nimefunga, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Tangu hapo wanafunzi wapya kutoka Mombasa, Tanga na Unguja wamekuwa wakiniuliza kama mahali hapo panafaa, chakula chenyewe kikoje, na kama mtu asiye wa dini ile anaweza kuingia bila kuonekana mvamizi. Nimeona heri niandike kwa utaratibu, kama mtu anavyoandika kuhusu mkahawa wowote, ingawa hapa hakuna menyu, hakuna bili, wala hakuna mwenye mkahawa wa kuitwa mezani.

Langari ni jiko la bure la gurdwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikh, ambao sisi tumezoea kuwaita Kalasinga. Gurdwara nyingi, hata ndogo zenye sufuria mbili tatu, huwa na jiko la namna hiyo, lakini la Amritsar limezidi yote kwa ukubwa. Linapika usiku na mchana bila kufungwa, na wanaokula hapo hukadiriwa kuwa kati ya watu 50,000 na 100,000 kwa siku, kutegemea kama ni siku ya kawaida au ya sikukuu. Kijana mmoja wa zamu aliponieleza kwa Kipunjabi idadi ya walaji wa sikukuu, neno pekee nililoliokota katika sentensi yake ndefu lilikuwa “lakh”, nalo lilitosha, kwa kuwa laki yetu ilitoka hukohuko, ikavuka bahari pamoja na pesa, duka na chapati yenyewe.

Kufika hakuna tabu. Kutoka Jalandhar ni mwendo wa kilomita 80 hivi kwa treni, na kutoka stesheni ya Amritsar ni mwendo mfupi wa tuktuk, ambao unapaswa kupatana bei yake kabla hujapanda. Mimi sikupatana. Dereva alinizungusha mji mzima kabla ya kunifikisha nilikokuwa nakwenda kufuatilia karatasi zangu, na aliyenirudisha jioni alikwama katika msongamano wa magari, nikafika stesheni kuona mkia wa treni. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2024, mwezi wa Machi, na ndani ya mkoba nilikuwa na tende nne na chupa ya maji. Baadaye nilikuja kujua kwamba Hall Bazaar, karibu kabisa na hapo, kuna Msikiti wa Khairuddin, uliojengwa mwaka 1876, ambako ningeweza kufuturu na kuswali bila maelezo kwa mtu yeyote. Jioni ile sikulijua hilo. Nilichokumbuka ni maneno ya mwanafunzi mwenzangu wa maabara, kwamba mtu akipotelewa na kila kitu Amritsar, aende langarini.

Mahali penyewe pana masharti machache na yote ni mepesi. Viatu huachwa katika chumba maalumu, ambako wazee wenye ndevu nyeupe huvipokea kwa mikono miwili kana kwamba umewapa mtoto, kisha hukupa kibati chenye namba. Miguu hupitishwa kwenye kijito cha maji kilichotengenezwa mlangoni. Kichwa lazima kifunikwe, mwanamume kwa mwanamke, na asiye na kitambaa huazimwa. Aliyekuwa akigawa vitambaa aliutazama mtandio wangu akaniruhusu nipite kwa kuinamisha kichwa. Tumbaku na pombe ni marufuku. Ukishapita lango, unaliona bwawa kubwa la maji ambalo Guru Ram Das, wa nne kati ya viongozi wa dini ya Wasikh waitwao Guru, alianza kulichimba mwaka 1577, na katikati yake jengo dogo linalowaka kama mshumaa jua likilipiga, kwa kuwa Maharaja Ranjit Singh, mtawala wa Punjab, alilifunika kwa dhahabu katika karne ya 19. Utavutiwa kusimama hapo, na una haki ya kusimama, lakini tathmini hii ni ya chakula.

Jengo la langari utalisikia kabla hujaliona. Maelfu ya sahani za chuma cha pua zinaoshwa kwa wakati mmoja, zinarushwa, zinapokewa na kupangwa, na mlio wake ni kama mvua ya mawe juu ya paa la mabati ambayo haiishi. Kwenye ngazi unapewa sahani pana yenye visehemu, bakuli dogo na kijiko, vyote vikiwa bado na matone ya maji, na wanaokupa hawakuulizi jina, dini, unatoka wapi wala una njaa kiasi gani. Kisha unasubiri mlangoni mwa ukumbi pamoja na umati, kama abiria wa kivuko cha Likoni wanaosubiri lango lifunguliwe, na lango likifunguliwa mnaingia kwa mkupuo. Ndani kuna majamvi membamba na marefu yaliyotandikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Unakaa palipo na nafasi, ukikunja miguu, bega kwa bega na yeyote aliyekuwa karibu nawe wakati huo.

Kushoto kwangu alikaa kijana mwenye begi la mgongoni aliyelala usingizi akiwa ameketi. Kulia kwangu alikaa bibi mmoja mkulima, kwa jinsi nilivyoiona mikono yake, amejitanda kitambaa cheupe, magoti yake yakilia alipokuwa akijishusha. Hatukuwa na lugha moja. Wagawaji walianza kupita wakiwa na ndoo na pawa, mmoja wa dengu, mmoja wa mboga, mmoja wa wali wa maziwa, wakiita jina la chakula wanachokibeba na kumimina bila kupunguza mwendo, na kwa ustadi wa ajabu hawamwagi hata tone. Mwisho akaja mgawaji wa chapati akiwa na kapu.

Mimi nimelelewa Mombasa. Tangu nijifunze kukaa mkekani nimefundishwa kwamba chakula hupokewa kwa mkono wa kulia, na kwamba kuuchomoza mkono wa kushoto mbele ya chakula ni utovu wa adabu ambao nyanya yangu aliutibu kwa kofi la vidole. Kwa hiyo niliunyoosha mkono mmoja, wa kulia, na wa kushoto nikauficha ndani ya mtandio. Mgawaji alisimama, akanitazama, akasubiri, na chapati haikushuka. Nikadhani labda zimetengwa kwa wenye dini yao, na uso ukanipata moto. Yule bibi, bila kusema neno, aliingiza mkono wake chini ya mtandio wangu, akaukamata mkono wa kushoto kwa kifundo, akautoa na kuulaza kando ya mwenzake, viganja vikitazama juu. Chapati mbili zikaanguka humo, za moto kiasi cha kuchoma.

Utaratibu ndio huo: chapati hupokewa kwa viganja viwili vilivyo wazi, na anayepokea hivyo ni kila mtu, awe mwenye kampuni au mwenye kuomba barabarani. Nimeueleza kwa kirefu kwa sababu ndilo kosa la kwanza ambalo kila mtu wa pwani atalifanya, na kwa sababu sijaona mkahawa wowote, wa bei yoyote, wenye njia fupi kuliko hii ya kuwafanya walaji wote wawe sawa.

Tatizo langu la pili lilikuwa saa. Kulikuwa bado na dakika kadhaa kabla ya magharibi, na langari ni mahali pa mwendo. Watu huketi, hupakuliwa, hula, huinuka, majamvi hukunjwa, sakafu hupigwa deki, kundi jingine huingia. Safu yangu ilianza kula, ikaongezwa, ikamaliza, na mimi nikawa bado nimeitazama sahani iliyojaa, nikiwa nimeiweka simu mezani, au tuseme jamvini, nikihesabu dakika. Kijana wa begi aliamka, akala chapati sita, akaondoka. Wenye ufagio na ndoo za maji walinifikia, na mmoja akainama kutaka kuichukua sahani yangu akidhani nimeshiba au nimekikataa chakula. Nikasema maneno mawili niliyoyajua, “Ramzan” na “roza”, yaani Ramadhani na saumu, nikionyesha dirisha.

Yule bibi, ambaye alikuwa amekwisha kula na alikuwa na kila sababu ya kuinuka, alimwambia yule kijana jambo refu kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wajukuu. Kijana akaondoka. Wapiga deki wakalizunguka jamvi letu kwa upande wa kulia na wa kushoto, wakatuacha tumeketi wawili juu ya kipande kikavu kama waliobaki kisiwani. Muda ulipoingia nikatoa tende, nikampa bibi moja, naye akaipokea kwa viganja viwili. Kabla sijaimeza ya kwanza, kijana alikuwa amerudi na chapati mpya juu ya kiganja chake na mwenzake akisukuma kile kigari cha maji chenye mpini, akijaza bakuli langu hadi juu. Zile za kwanza, zilizokuwa zimepoa, bibi alizikunja akazila yeye mwenyewe, kwa kuwa langarini chakula hakitupwi.

Sasa nije kwenye chakula chenyewe, maana wema wa watu usitufanye tuyasahau maungo ya sahani. Dengu ndiyo bora kuliko vyote. Ni punje ndogo nyeusi zinazofanana na pojo, zinazopikwa kwa saa nyingi katika masufuria ambayo mtu mzima angeweza kujificha ndani yake, hadi zinavunjika na kuwa rojo zito lenye tangawizi, kitunguu saumu na samli. Si kali. Aliyezoea pilipili ya mbuzi ataiona imepoa mno, lakini nimeila mara tisa na haijawahi kutofautiana, jambo ambalo kwa jiko la ukubwa ule nalihesabu kuwa ni muujiza wa upishi. Mboga hubadilika kutegemea msimu. Viazi na koliflawa vya wakati wa baridi vilikuwa vitamu, na mara moja nilipata mchanganyiko wa majani ambao sikuujua wala sikuupenda sana.

Chapati ni suala ambalo Mswahili lazima aliseme kwa uangalifu. Zile si chapati za kwetu. Hazina tabaka, hazikaangwi kwa mafuta, na hazikunjwi kama leso. Ni unga wa ngano usiokobolewa, maji na moto, nyingine zikitengenezwa kwa mikono na kina mama walioketi kulizunguka bamba la chuma, na nyingine, hasa watu wanapofurika, zikitolewa na mashine inayozitema kwa maelfu. Ukipata ya mkono, iliyovimba na kupakwa samli kidogo, hutaidai ya kwenu. Ukipata ya mashine iliyokaa kapuni, utaikumbuka Mombasa. Siwezi kusema zaidi bila kuonekana ninawapendelea watu wa nyumbani.

Wali wa maziwa ni mchele uliochemshwa pamoja na maziwa na sukari hadi umelainika kabisa. Nimeutaja mwisho, ila una historia ndefu kuliko kila kitu kilichomo sahanini. Katika Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, ametajwa Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, Guru Angad, kwa sababu ya langari aliyokuwa akiisimamia na wali wake wa maziwa wenye samli. Sijui dini nyingine ambayo mapishi ya mwanamke yameingia katika maandiko yake kwa sifa ya wazi namna hiyo, na kila nikiuonja nafikiria ni mapishi mangapi ya nyanya zetu wa pwani yamezikwa pamoja nao.

Hakuna nyama wala samaki wala mayai. Kwa mtu wa pwani, shughuli isiyo na nyama haijahesabiwa kuwa ni shughuli, na mwenzangu mmoja kutoka Tanga, baada ya kumaliza dengu bakuli mbili, aliniuliza kwa sauti ya chini chakula kitaletwa saa ngapi. Hata hivyo sababu yake ni ya busara: pale ambapo Mhindu, Mwislamu, Mkristo na Msikh wataketi jamvi moja, sahani isiyo na nyama ndiyo ambayo hakuna atakayelazimika kuiuliza maswali.

Neno “jamvi moja” linanirudisha kwenye jambo ambalo limenichukua muda kulielewa. Sisi pia tuna mlo wa pamoja, na tunajivunia. Katika maulidi au harusi huwekwa sinia moja ya pilau, watu wanne au watano wakalizunguka, kila mmoja akala upande wake, na mwenye adabu akamsogezea jirani kipande cha nyama kilichomwangukia yeye. Sinia ni duara. Mnatazamana, mnajuana au mtajuana kabla ya wali kwisha, na yuko mwenye shughuli anayepita akisema kuleni, kuleni. Langari ni mstari. Wenyewe huuita “pangat”, na mtu haketi kumtazama mwenzake bali huketi kando yake, kila mmoja na sahani yake, mbele yake njia ya wagawaji. Mara ya kwanza niliona ubaridi katika mpangilio huo, kama wa wanafunzi wa bweni. Baadaye nikaona kwamba mstari hauna kichwa. Sinia huwa na upande wa mzee na upande wa mtoto, huwa na sinia la wageni rasmi lenye mapaja na sinia la uani lenye mifupa, na sote tunayajua haya ingawa hatuyasemi.

Mstari ule ulibuniwa makusudi. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Wasikh, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539, aliianzisha desturi hii katika jamii ambamo tabaka la mtu liliamua anaweza kula na nani, na ambamo kivuli cha mtu wa chini kikikiangukia chakula cha mtu wa juu kilihesabiwa kukinajisi. Guru wa tatu, Guru Amar Das, alikaza zaidi kwa kutaka kila anayekuja kuonana naye ale kwanza katika mstari pamoja na wengine, na mapokeo ya Wasikh yanasimulia kwamba hata mfalme Akbar, mtawala wa dola ya Mughal, aliketi chini akala kama wenzake kabla ya kupokewa. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini hakuna kiti cha wageni mashuhuri na kwa nini hupaswi kukitafuta. Wenye magoti mabovu peke yao ndio hukalishwa pembeni palipo na nafasi ya kunyoosha miguu.

Kwa upande wa huduma sina budi kuzungumzia wanaohudumu. Wako waajiriwa wachache wa jikoni, lakini umati unaouona ukimenya, ukisukuma chapati, ukigawa na kuosha ni watu waliojitolea, na kazi hiyo huitwa seva, ambayo haihusiani na zile za kompyuta. Aliyekula anaweza kushuka ngazi na kuanza kufanya kazi papo hapo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Amritsar hawasubiri siku ya tatu. Jembe limewekwa chini ya ngazi, na anayelitaka analichukua akiwa bado na ladha ya wali wa maziwa mdomoni.

Jioni ile ya futari nilikuwa na saa mbili za kusubiri treni nyingine, na bibi, ambaye nadhani alikuwa amekwisha kuniweka katika orodha ya watu wake, alinishika mkono tukaenda kwenye uwanja wa kumenyea. Kulikuwa na milima ya kitunguu saumu. Nilikaa kati yake na mwanamume mmoja aliyevaa suti na tai, amekunja mikono ya shati, ambaye simu yake iliita mara tatu asiipokee. Bibi alinionyesha namna ya kuvunja kichwa cha kitunguu kwa kiganja na kukisugua ndani ya kitambaa ili maganda yatoke yenyewe. Mimi nikamwonyesha namna ya nyumbani ya kuponda kila chembe kwa ubapa wa kisu, akaijaribu, akacheka, akairudia ya kwake. Hatukupata jina la kila mmoja. Aliniita “puttar”, neno lao la kumwita mtoto, nami nikamwita bibi, na akaitikia kana kwamba ndilo jina alilopewa kwao.

Safari ya tatu nilijaribu kuosha vyombo, na hapo nawashauri wenye kucha ndefu wafikiri mara mbili. Watu husimama kwenye mabirika marefu ya maji ya sabuni, sahani zikiwajia bila kukoma, na kila sahani hupita birika moja baada ya jingine, mikononi mwa watu tofauti, kabla haijarudi kwenye ngazi. Usafi nauwekea alama ya juu bila kusita: nimekula katika mikahawa ya kulipia ambayo sahani zake hazijawahi kuona maji ya namna ile.

Yako mambo ambayo msomaji ayajue ili asije akavunjika moyo. Hapa si mahali pa mazungumzo marefu. Mlo mzima hauchukui zaidi ya dakika 20, na kelele za vyombo hazitamruhusu anayetaka kumweleza mchumba wake habari za moyoni. Chukua unachoweza kumaliza. Wagawaji watarudi mara nyingi unavyotaka, kwa hiyo hakuna haja ya kurundika, na mimi niliyewahi kuomba bakuli la tatu la wali wa maziwa kwa uroho nililimaliza huku jasho likinitoka, chini ya macho ya mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amekwisha kumaliza lake. Juni sakafu ya marumaru ya nje huwaka, fuata mikeka iliyotandikwa. Januari huwa barafu, na soksi si kosa kuzitia mkobani kwa ajili ya safari ya kurudi.

Waislamu wenzangu huniuliza zaidi kuhusu hukumu. Mimi si mwanachuoni. Ninachoweza kueleza ni jinsi mambo yalivyo: langari ni jengo la peke yake, mtu anaweza kuingia akala na kutoka bila kushiriki ibada yoyote, hakuna kilichochinjwa, na hakuna aliyewahi kunitaka niseme neno la dini yao. Ile haluwa ya unga wa ngano, samli na sukari inayotolewa kwa waumini upande wa hekalu ni kitu kingine, inahusiana na ibada, na kila mmoja aamue kwa elimu na dhamiri yake. Bibi wangu aliona mtu aliyefunga, akamngojea afungue.

Gharama ni sifuri, na sifuri hiyo haina hila. Yako masanduku ya sadaka ukutani, lakini hakuna anayesimama kando yake kukuangalia. Nilipotoka mara ya kwanza nilitia rupia chache, nikiwa na haya ya mtu aliyezoea kwamba kila cha bure kina mwenyewe atakayekuja kukidai. Ukitaka kumshukuru mtu, hutampata, kwa kuwa aliyekupakulia leo huenda kesho ameketi mstarini na wewe ndiye mwenye upawa. Kwa wanafunzi wanaoishi mbali na nyumbani, ambao mwisho wa mwezi huwakuta na vifurushi viwili vya tambi, jambo hilo lina uzito wake: unaweza kula ukiwa huna kitu bila kuwa mtu aliyesaidiwa.

Chakula nakipa nyota nne kati ya tano, ile moja ikiwa imezuiliwa na chapati za mashine. Usafi tano. Huduma ningeipa sita kama ingewezekana, kwa ajili ya wale wapiga deki peke yao.

Na kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki ambaye hana nauli ya India, langari haiko mbali. Reli iliyotoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, wengi wao wakitoka Punjab hiyohiyo, na Wasikh waliobaki kufanya kazi katika reli walijenga gurdwara Makindu mwaka 1926, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Msafiri yeyote hupata chakula hapo bila malipo, na mahali pa kulala pia. Nimepita Makindu tangu utotoni mara nisizoweza kuzihesabu, nikiwa dirishani mwa basi, mama akinionyesha kuba jeupe na kusema pale ni kwa Kalasinga, wanapika vizuri, na basi likaendelea na safari. Likizo ya Desemba iliyopita tulikuwa na gari la mjomba, kwa hiyo niliomba tusimame. Mama alisita mlangoni, akauliza kwa Kiswahili tunatakiwa kumwambia nani kwamba tumekuja, na mzee aliyekuwa akifagia akamjibu kwa Kiswahili cha Ukambani kilichonyooka kuliko changu, “Vua viatu, mama. Dengu iko tayari.”